Nyigu Wanamsubiri Mgeni Rasmi

Umma unatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba nyigu wamewasili. Wamewasili salama, kwa ndege, ndani ya sanduku la mbao lenye dirisha la wavu mwembamba, na wamepokewa uwanjani na ujumbe mzito wa Idara ya Afya ya Miti. Ujumbe huo ulikuwa mimi. Nilivaa suti.

Wapagazi wa uwanjani waliniona nimeinama mbele ya sanduku nikisema, "Karibuni sana, poleni na safari," wakaanza kunicheka pembeni. Mmoja akaniuliza kama nimekunywa chai asubuhi. Mimi ndiye Afisa Itifaki wa Idara, na itifaki haijui mgeni mdogo wala mkubwa. Anayekuja kwa mwaliko wa serikali hupokewa na serikali, awe balozi, awe mdudu asiyefika hata ncha ya sindano.

Nieleze kwa nini tuliwaita. Mikaratusi yetu ilikuwa imevamiwa na kijidudu kilichokuja kutoka nje bila kualikwa na mtu. Hicho kijidudu hukaa juu ya jani kikalifyonza, na kwa sukari inayokitoka nyuma hujijengea kibanda cheupe, kidogo kama chembe ya chumvi, kisha hujifungia humo ndani na kuendelea kufyonza kwa raha zake. Kibali cha ujenzi hakina. Tuliwaandikia watu wa Mipango Miji, wakajibu kwamba majani hayamo kwenye ramani yao. Basi jani likijaa vibanda hukauka, hudondoka, na mti hubaki kama mwavuli ulionyang'anywa kitambaa.

Dawa ya jambo hilo aliileta Mtaalamu wetu wa Wadudu, dada mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, pamoja na ndoo za kudekia. Alisimama kikaoni akitafuna karanga.

"Huko kijidudu kilikotoka," alisema, "kuna nyigu mdogo wa kazi hiyo hiyo. Mtu hamuumi, hata hamuoni. Anatoboa kile kibanda, anataga yai ndani ya kijidudu chenyewe. Yai likianguliwa, mtoto anakila kijidudu kwa ndani, taratibu. Akishiba anatoboa paa, anatoka, anatafuta kibanda kingine."

Mkurugenzi aliacha kuchezea kalamu yake. "Yaani anaingia nyumbani kwa mtu, anakula kila kitu kuanzia ndani, halafu anaondoka kwa kutoboa paa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mwenye nyumba hashtuki?"

"Akishtuka keshabaki ganda."

Mkurugenzi alitikisa kichwa polepole, kwa heshima ya mtu anayemsikia mwenzake wa fani moja. "Hao waleteni," akasema. "Wana uzoefu wa uongozi."

Mtaalamu alitaka sanduku likae kwake chini ya ngazi, karibu na mlango wa kutokea kwenye miti. Mkurugenzi alikataa. Wageni wa serikali hawawezi kulala na ndoo za kudekia. Wakawekwa ofisini kwake, juu ya zulia, chini ya kiyoyozi, kando ya picha yake akipokea cheti. Mtaalamu alipoanza kuingia na kutoka humo bila kubisha hodi, Mkurugenzi alikasirika, akaniita tuandae waraka.

Waraka ule nauona mpaka leo kuwa kilele cha kazi yangu. Ulisema hivi: kituo cha kazi cha mradi ni mahali nyigu wanapoishi, mwenye mahali hapo ndiye Mkuu wa Kituo, mtumishi yeyote wa mradi, bila kujali cheo, ataripoti kwake kila asubuhi na hataondoka ila kwa ruhusa yake. Hayo maneno "bila kujali cheo" niliyaongeza mimi, kwa ajili ya ladha. Mkurugenzi aliyapenda mpaka akanipiga begani. Mheshimiwa Waziri aliyapenda zaidi: alitia sahihi, kisha akausoma waraka mzima redioni kama mfano wa nidhamu inayokuja.

Kuanzia hapo, Mtaalamu akitaka kuwaona nyigu ilibidi aripoti asubuhi kwa Mkurugenzi. Naye Mkurugenzi asubuhi huwa kwenye vikao. Kwa hiyo hakuwaona.

Ikabaki kuwaachia kwenye miti. Hapa watu wa nje ya serikali ndipo wanapokosea. Wanadhani unafungua sanduku, nyigu wanaruka, basi. Hapana. Mradi usiozinduliwa haujaanza, na mradi hauzinduliwi bila mgeni rasmi, naye mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri. Nikabandika tangazo juu ya sanduku, kwa herufi kubwa: SANDUKU HALIFUNGULIWI MPAKA MGENI RASMI AFIKE.

Mtaalamu alinikaba kwenye korido. "Afisa, hawa wadudu wakishakuwa wakubwa hawaishi maisha ya kasa. Ni siku chache tu, kwisha! Mnasubiri nini?"

Nilipeleka hoja juu. Jibu la Mkurugenzi lilikuwa fupi na la kiutu. "Waambie wavumilie."

Niliwaambia.

Mheshimiwa hakuja siku ya kwanza iliyopangwa kwa sababu alikuwa anafungua daraja. Siku ya pili iliyopangwa alikuwa anafungua upande wa pili wa daraja lile lile. Baadaye akashikwa na kikohozi. Majira yakageuka sisi tukiwa tumeshakodi viti.

Wakati wote huo wageni walihitaji kula. Walipaswa kupewa vitawi vibichi vyenye vile vijidudu, na kazi hiyo ikaangukia itifaki. Nyuma ya sanduku kulikuwa na kimlango kidogo. Nilikitafakari sana nikakiainisha kuwa ni mlango wa huduma, kwa hiyo kukifungua hakukuhesabika kuwa ni kufungua. Shida ilikuwa vitawi vyenyewe. Miti ya makao makuu haikuwa na mdudu hata mmoja, maana Mkurugenzi alikuwa ameipigisha dawa.

"Haiwezekani," alisema, "mgeni rasmi aje kuzindua vita dhidi ya wadudu halafu akute wadudu."

Kila tarehe mpya ya uzinduzi ilikuja na dawa mpya. Mwishowe majani yenyewe yakaacha kazi.

Nililazimika, tangu siku ile ya kwanza, kwenda kwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi mtaa wa pili kutoka ofisini, nyumba ya bati, geti la chuma, na mstari wa mikaratusi upande unakotoka upepo. Miti hiyo aliipanda marehemu mume wake walipooana. Mmoja uliwahi kuanguka, na msimu huo huo upepo ukapita palipobaki wazi ukalibeba bati la jikoni mpaka kwa jirani, likamkuta jirani anaoga. Kwa hiyo kwa mama mkwe miti ile si mapambo. Ndiyo ukuta wa nyumba, na ndiyo mume aliyebaki.

Na miti ile ilikuwa na alama nyekundu ya msalaba, ya kukatwa.

Alama niliichora mimi. Idara ilikuwa imeagiza kila mti wenye vibanda uchorwe, ili baada ya uzinduzi isionekane miti migonjwa katika nchi iliyokwisha kuponya miti. Nikachukua kopo la rangi nikaanza na ya ukweni, mtu asije akasema nimependelea. Jioni ile mke wangu alinipokea mlangoni.

"Umempiga mama yangu msalaba?"

"Si mama. Ni miti."

"Sawa. Leo utalala na kopo lako la rangi."

Ndivyo ilivyokuwa.

Unaweza kufikiria nilivyopiga hodi kwa mama mkwe nikiomba matawi ya miti ile ile. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya geti, redio mapajani. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Mkwe wangu. Umekuja kumalizia?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Nimekuja kuomba vitawi vichache, vya chakula cha wageni wa serikali."

"Miti yangu mnataka kuiua, halafu mnataka iwalishe wageni wenu?"

"Kwa ufupi, ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, akafuta machozi. "Wewe angalau husemi uongo. Chukua. Lakini sikiliza: kitawi kikitoka, kirudi. Hata kikiwa kikavu. Mimi hivyo ndivyo ninavyowashia moto. Sitaki kusikia serikali imenila kuni."

Masharti yake yalilingana kabisa na kanuni za mali ya kuazima. Kwa hiyo ikawa ndiyo kazi yangu: asubuhi nabeba vitawi vibichi kutoka kwa mama mkwe, navipitisha mlango wa huduma, natoa vya zamani, jioni navirudisha ukweni vile vya zamani, nimevifunga kamba vizuri. Yeye huvitundika kwenye panda za miti yake vikauke, kisha husahau kuviwasha, maana jiko lake siku hizi ni la gesi. Nilipomuuliza basi kuni za nini, alisema ni za heshima.

Mkurugenzi naye hakuwasahau wageni. Kila alipotoka kikaoni aligonga wavu kwa kidole. "Hamjambo humo?" Mwanzoni walikuwa wakirukaruka. Baadaye wakatulia. Akaniambia hajawahi kuona watumishi wenye utulivu kiasi kile, na angependa kitengo cha uhasibu kije kujifunza.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kadiri tulivyoendelea kumsubiri Mheshimiwa, vitawi vyenye vibanda vilizidi kuwa adimu kwa mama mkwe. Nilizunguka mti mzima nikitafuta jani chafu. Na hata vibanda nilivyovipata vilikuwa na kitundu kwenye paa, ndani hamna mtu. Niliripoti kwa maandishi: "Upungufu wa chakula cha wageni, na ujenzi duni wa vibanda." Mkurugenzi aliandika pembeni: "Waendelee kujenga."

Hatimaye kikohozi kikapona.

Siku ya uzinduzi palipendeza. Kwa kuwa mikaratusi ya makao makuu ilikuwa mitupu, tuliifunga riboni za kijani, na kwa mbali mtu asiye na miwani angeweza kudanganyika. Mheshimiwa alihutubia. Alisema enzi za miti kuonewa zimekwisha. Alikata utepe. Nikaling'oa tangazo langu kwa mikono miwili, akashika kifuniko, ngoma ikapigwa, akafungua.

Hakikutoka kitu.

Mheshimiwa alikuwa ameshika kifuniko juu kama mtu aliyefunua sufuria ya jirani akakuta imeoshwa. Mkurugenzi alinitolea macho. Lakini itifaki haishindwi. Nikanyosha shingo, nikatazama angani kana kwamba nafuata kitu kinachopaa, nikaanza kupiga makofi. Walionizunguka wakatazama juu, nao wakapiga. Mheshimiwa akanyosha kidole. "Wale pale!" Umati ukalipuka. Mama mmoja wa kwaya alisema mmoja wao amepita karibu na sikio lake, tena amemnong'oneza.

Mtaalamu peke yake ndiye aliyeinama ndani ya sanduku. Alichovya kidole kwenye vumbi jeusi lililokuwa sakafuni, akamwonyesha Mkurugenzi. Lilikuwa kama pilipili manga iliyosagwa.

"Mzee. Hawa wamekufa. Wamekufa zamani."

"Punguza sauti," Mkurugenzi alisema huku akiendelea kutabasamu mbele ya kamera. "Wamestaafu kwa manufaa ya umma."

Ratiba ya mchana ilikuwa kukata mti wa kwanza. Mkurugenzi alieleza kwenye kipaza sauti kwamba, kwa vile nyigu wameshatawanyika nchi nzima, mti wowote ambao bado ni mgonjwa umegoma kupona kwa makusudi. Mheshimiwa akasema angependa kushuhudia. Wakauliza alama nyekundu iliyo karibu ni ipi. Iliyo karibu ilikuwa ya ukweni. Nikawaongoza.

Msafara ulisimama mbele ya geti la chuma. Nyuma yetu fundi wa msumeno wa mashine alikuwa ameshauwasha, unanguruma. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya mama yake. Hakunitazama. Mama mkwe alizima redio.

"Karibuni," akasema. "Viatu mfute. Na huyo mwenye pikipiki mkononi azime, siwasikii."

Fundi akazima. Mheshimiwa akaingia, akatazama juu. Tukatazama sote. Siku zote nilizokuja nilikuwa nimeinamisha kichwa, natafuta kwenye matawi ya chini jani lililoharibika. Sikuwa nimeinua macho. Mikaratusi ilikuwa imefunga majani mapya kuanzia shinani mpaka kileleni, inameta, inavuma. Hata alama yangu nyekundu ilikuwa imepasuka na kubanduka pamoja na magome.

"Mgonjwa ni upi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Huu hapa, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema. "Wenye alama."

"Mimi naona mti mzima uliochafuliwa rangi."

"Alama haikosei, Mheshimiwa. Imewekwa kwa utaratibu."

Mama mkwe akakaa kwenye kiti chake, akauegemea mti wake wa kwanza, mkono mmoja nyuma ameshika gome. "Kama ni utaratibu, anzeni. Lakini msumeno utapita hapa nilipokaa."

Mtaalamu alikuwa ameshachuma jani, ameweka lenzi jichoni. "Kibanda kina tundu," alisema. Akachuma lingine. "Kina tundu. Na hiki. Na hiki." Akanigeukia. "Afisa. Vile vitawi ulivyokuwa unavitoa kwenye sanduku, ulikuwa unavitupa wapi?"

"Sikutupa. Ni mali ya mtu. Nilivirudisha."

"Hapa?"

"Pale, kwenye panda."

Alicheka kicheko kile cha kuamsha mtaa. "Basi nyigu walikuwa wanataga mayai kwenye vitawi kabla ya kufa, na wewe jioni unabeba mayai na kuja kuyatundika mtini! Mradi mzima umetokea mlango wa huduma!"

Mkurugenzi alikuwa mwekundu kama rangi ya kopo langu. "Huo ni utoro kazini! Wametoka kituoni bila ruhusa, bila kuzinduliwa! Mheshimiwa, napendekeza uponaji huu ufutwe."

Mheshimiwa aliomba lenzi, akaonyeshwa nyigu mmoja juu ya jani. Akaiinamia kwa muda mrefu mpaka walinzi wake wakaanza kutazamana. Mwisho akasema taratibu, "Kumbe ni kadogo hivi." Akaniita karibu, akaninong'oneza, "Sasa kule mimi niliwaonyesha watu nini?"

"Mwewe, Mheshimiwa."

Akakohoa kidogo. Kisha, kwa vile kamera zilikuwa zimeshawafikia na palikuwa na miti mizuri ya kupigia picha, akatangaza kwamba hakuna mti utakaokatwa na kwamba mradi umefaulu. "Na hapa ndipo nyigu wanapoishi?"

"Hapa hapa," alisema Mtaalamu.

"Basi ndipo kituo kilipo," akadakia mama mkwe. "Na mwenye mahali ndiye Mkuu wa Kituo. Kila mtumishi wa mradi ataripoti kwake asubuhi, na hatoki bila ruhusa yake. Si wewe uliyeyasoma redioni, mwanangu? Nilikusikia vizuri, nilikuwa nachambua mchele."

Mheshimiwa alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu.

"Niliyasoma," Mheshimiwa akakubali mbele ya kamera zote. "Tena nilisema bila kujali cheo."

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Mkurugenzi alijaribu kuurekebisha waraka, lakini marekebisho yoyote ya mradi huanzia kwa Mkuu wa Kituo, na Mkuu wa Kituo amesema waraka ni mzuri, umeandikwa kwa Kiswahili safi. Mimi pia naripoti. Kazi yangu ni kusugua alama nyekundu kwa brashi, na mke wangu hupita kukagua. Mtaalamu amehamishia meza yake chini ya mti wa pili. Vitawi vinatoka hapo kila siku vikiwa vimejaa mayai, vinakwenda mitaa mingine yenye miti migonjwa, na kila mwenye mti lazima avirudishe.

Mkurugenzi yeye hufagia majani. Huja na tai. Asubuhi hupiga hodi, "Shikamoo, mama," naye huambiwa, "Marahaba, umechelewa."

Juzi alasiri aliegemeza fagio ukutani, akanyosha koti, akamwendea kwa adabu zote.

"Mama, naomba ruhusa nitoke. Kuna kikao cha wakurugenzi wote. Kiti changu kitaonekana kitupu."

Mama mkwe alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Hakuinua kichwa. "Geti halifunguliwi," alisema, "mpaka mgeni rasmi afike."

Nikapiga simu wizarani, kama itifaki inavyotaka. Mheshimiwa alikuwa anafungua katikati ya daraja. Nikatoa taarifa.

"Haya," alisema mama mkwe. "Mwambie avumilie."

Nilimwambia.